Mashine Haitamsikiliza Mteja kwa Niaba Yetu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba biashara haigombi. Kauli hiyo fupi imebeba elimu pana. Kuuza ni kusema na mtu, na kusema na mtu ni kazi inayohitaji subira, staha na sikio. Leo ningependa kuitumia kauli hiyo kulitazama jambo ambalo limeingia katika maisha ya vijana wetu kimyakimya, nalo ni matumizi ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia, katika kujiandaa kwa mazungumzo na wateja.

Huenda mwalimu akauliza: mambo ya mawakala na wachuuzi yanaihusu vipi meza yangu ya kusahihishia insha? Yanaihusu sana. Si vijana wote tunaowafunza Kiswahili na isimu wanaopata kazi ya ualimu wakishahitimu. Wengi huishia kuuza: bima, vitabu, mitambo ya sola, viwanja, huduma za benki. Aghalabu hulipwa kwa kamisheni, na asiyeuza hali. Kijana wa namna hiyo, usiku wa kuamkia siku ya kumwona mteja, hufungua simu yake akaiandikia programu: "Nitungie maneno ya kumwambia mama mwenye duka ili anunue bima." Sekunde chache baadaye huwa amepata kurasa mbili za maneno matamu. Huyakariri kama alivyokariri majibu ya mtihani, na kesho yake akaenda kuyamwaga mbele ya mteja.

Sisemi kwamba zana hizi zitupwe. Msimamo wangu ni kuwa akili unde yafaa kuwa mwenzi wa mazoezi. Haifai kuwa mtungaji wa maneno yetu, na haiwezi kamwe kuwa sikio letu. Anayesahau tofauti hizo hujidhuru mwenyewe, na mara nyingine humdhuru mteja zaidi.

Tuanze na elimu tuliyo nayo. Mazungumzo ya mauzo si uwanja mgeni katika taaluma ya isimu. Mwaka 1957 mwanaisimu Mwingereza T. F. Mitchell alichapisha uchunguzi wake kuhusu lugha ya kununua na kuuza huko Cyrenaica, mashariki mwa Libya. Alionyesha kwamba mazungumzo ya sokoni na dukani yana hatua zake: maamkizi, kuulizia bidhaa, kuikagua bidhaa, kupatana bei, na hatimaye kuafikiana au kuachana. Funzo kubwa la uchunguzi huo ni kuwa maana ya neno hutegemea hatua lilipotamkwa, aliyelitamka na aliyetamkiwa. Nasi twalijua hilo katika Kiswahili chetu. Mnunuzi akisema "Bei gani?" kabla ya kutajiwa bei, anauliza. Akisema "Bei gani hiyo!" baada ya kutajiwa, haulizi tena, analalamika, na pengine anakaribisha mapatano. Maneno karibu ni yale yale, lakini kazi yake imebadilika.

Sasa tazama tunavyoyafundisha mambo haya. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE hukutana na sajili ya biashara katika isimujamii. Hukariri sifa zake: lugha ya kushawishi, chuku, msamiati wa bei na faida, kuchanganya ndimi, sentensi fupifupi. Akiziorodhesha hupata alama zake, na ni haki yake. Hata hivyo, orodha ya sifa si mazungumzo, kama vile orodha ya viungo isivyokuwa pilau. Na hicho ndicho akili unde inachotupa kwa wepesi mno: sifa zote za sajili zilizopangwa vizuri, pasipo mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Sababu yake imo katika jinsi zana hizi zilivyoundwa. Programu za aina ya ChatGPT, iliyotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha hukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Hukadiria kwa ustadi wa kustaajabisha. Lakini tusisahau maandishi hayo yalitoka wapi. Katika GPT-3, iliyotangazwa mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya maneno yaliyotumiwa kuifunza yalikuwa ya Kiingereza. Programu za baadaye zimeboreka sana katika Kiswahili, na anayekana hilo hajazijaribu. Hata hivyo, mazungumzo yetu ya kuuza na kununua kwa sehemu kubwa hayakuandikwa popote. Yamo katika vinywa vya watu wa Gikomba na Kongowea, katika vibanda vya M-Pesa na minada ya mifugo. Mashine haiwezi kukadiria kutokana na kile ambacho haikukisoma.

Ndiyo maana maneno inayomtungia wakala huwa na harufu ya ugeni. Nimezisoma hotuba nyingi za namna hiyo ambazo wanafunzi wameniletea. Hufungua kwa kusema, "Natumai ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima." Humwahidi mteja "amani ya akili". Humshukuru "kwa kuchukua muda wako". Mteja akilalamika, hujibiwa "Nasikia unachosema." Kila neno hapo ni la Kiswahili, ila sentensi zenyewe zimevaa kanzu juu ya suruali ya Kiingereza. Mama mwenye duka hatasema hivyo, wala hatatambua kwamba anayesema hivyo anasema naye. Angeambiwa tu kwamba mtoto akilazwa hospitalini usiku hatalazimika kukimbilia kukopa kwa jirani, angeelewa mara moja. Utulivu wa moyo huwa na sura mahususi kwa kila mtu, na sura hiyo huijui mpaka umuulize mwenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo, nacho ni kusikiliza. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake maarufu ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kuzingatia kaida za kiasi, ukweli, uhusiano na namna, na kwamba mtu anapoonekana kuikiuka kaida mojawapo, msikilizaji hutafuta maana iliyodokezwa. Lugha ya wateja wetu imejaa madokezo. Mama akisema, "Haya mwanangu, nimesikia; acha kwanza nizungumze na baba watoto," huenda kweli anataka ushauri wa mumewe. Huenda pia amekwisha kukataa, na anakustahi kwa kutokukatalia waziwazi. "Nitaona" yaweza kuwa hapana. "Rudi mwisho wa mwezi" yaweza kuwa ndiyo ya mtu ambaye hana pesa leo, na anaona haya kusema hivyo. Toni ya sauti, kimya kilichotangulia, jicho lililoelekea mlangoni: haya ndiyo yanayotenganisha maana hizo.

Akili unde huyapokea maneno haya yote kwa jina moja, yaani pingamizi la mteja, kisha hutoa majibu matano ya kulivunja. Kijana aliyefunzwa hivyo huendelea kumsukuma mtu aliyemwambia hapana kwa adabu. Yeye hujiona mjasiri. Mteja humwona mjeuri. Tangu siku hiyo akimwona kwa mbali hufunga mlango wa duka.

Nitoe mfano mmoja ambao una uzito kuliko duka. Mnamo Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilizindua huko Marsabit bima ya mifugo ya aina mpya. Bima hiyo haikumtaka afisa atembee nyikani kuhesabu mizoga, kazi ambayo ingegharimu mno katika eneo kubwa kama lile. Ilitegemea picha za setilaiti zinazopima ukijani wa malisho. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wenye bima katika eneo hilo hulipwa. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2011, wafugaji walilipwa fidia ya kwanza mnamo Oktoba mwaka huo. Ni wazo lenye manufaa.

Lakini wazo hilo lina tundu ambalo muuzaji mwaminifu hana budi kulieleza. Kinachopimwa ni malisho ya eneo zima. Ng'ombe wa mtu fulani hapimwi. Mfugaji aweza kupoteza wanyama kwa maradhi, au kwa ukame ulioliuma bonde lake pekee, asipate hata senti. Aweza vilevile kulipwa ilhali wanyama wake wote wako hai. Mfikirie mfugaji anayeuliza kwa Kiborana au Kirendile: "Hicho chombo cha angani kitajuaje kwamba ng'ombe wangu amekufa?" Jibu la kweli ni kwamba hakitajua. Kulitoa jibu hilo, kisha kueleza kwa nini bima hiyo bado yaweza kumfaa, ndiyo kazi yote ya muuzaji.

Nikiwa na wanafunzi wangu darasani niliitaka programu mojawapo iandike maneno ya kuiuza bima ya namna hiyo. Iliandika kwa ufasaha, na katikati ya ufasaha huo ikaweka sentensi hii: "Mifugo wako wakifa kwa ukame, utalipwa." Sentensi ni tamu na rahisi kukariri, lakini haisemi kweli. Kisha tukaitaka programu iyo hiyo iigize mfugaji mwenye shaka. Baada ya kubadilishana naye sentensi chache tu, mfugaji wetu wa mashine alikubali kununua na kutushukuru kwa maelezo mazuri. Wanafunzi walicheka, kwani walijua kwamba babu zao wasingekubali upesi hivyo. Mashine hupenda kuturidhisha, na mteja anayependa kutufurahisha hatutayarishi kwa yule asiyetujali.

Fikiria basi matokeo ya sentensi ile ikisemwa uwandani. Mtu atauza mbuzi ili alipe ada ya bima. Ukame utakuja, ng'ombe watakufa, naye atamngojea wakala. Fidia isipofika, manyatta nzima itajua. Atakayekuja baadaye na bima nzuri kuliko ile hatapata wa kumsikiliza. Nchini Kenya ada zote za bima zikilinganishwa na pato la taifa zimekuwa chini ya asilimia 3 katika miaka ya karibuni. Sababu ni nyingi, na umaskini ni mojawapo, lakini nani asiyejua jirani anayekuambia kwamba watu wa bima ni hodari wa kuchukua na wazito wa kulipa? Kila ahadi isiyotimizwa huiongezea hadithi hiyo ukurasa.

Sisi wanaisimu tuna jina la jambo hili. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitufunza kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "Utalipwa" ametoa ahadi, na ahadi humfunga aliyeitoa. Mashine haiwezi kufungwa, kwa kuwa haina jina la kulinda wala nyumba ya kurudi. Mwenye kufungwa ni yule aliyeyatumia maneno yake. Hili si nadharia tupu. Mnamo Februari 2024 baraza la kusuluhisha madai la British Columbia, nchini Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyefiwa na nyanya yake. Programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada ilikuwa imemweleza kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli baada ya kusafiri, ilhali kanuni za shirika hazikuruhusu hivyo. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile inajitegemea na kuwajibika yenyewe. Baraza lilikataa hoja hiyo, likaliamuru shirika limlipe abiria zaidi ya dola 800 za Kanada, riba na ada zikiwemo. Kijana wetu hana wanasheria wa shirika la ndege. Atajitetea na nini?

Kuna na suala la siri za mteja. Ili apate maneno yanayomfaa mtu fulani, kijana huiandikia programu habari za mtu huyo: jina lake, mapato yake, maradhi yake ya sukari, deni lake, ugomvi wake na ndugu. Humwaga mambo aliyoaminiwa nayo katika tarakilishi ambazo hajui ziko nchi gani. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, pangekuwa na adabu. Mtu aliyekueleza ugonjwa wake alikueleza wewe.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba kampuni kubwa zinazitumia zana hizi, na kijana wetu akiambiwa aziache ataachwa nyuma. Watasema pia, na wana haki, kwamba mawakala wengi hupewa mafunzo ya siku chache kisha wakatumwa barabarani. Kwamba kijana wa kijijini aliye na haya hana wa kufanya naye mazoezi. Na kwamba mwenzi asiyechoka wala kucheka, anayepatikana hata saa sita za usiku, si kitu cha kudharauliwa. Nakubaliana nao katika hayo yote. Mimi mwenyewe huwahimiza wanafunzi wazitumie zana hizi kutafuta maswali ambayo mteja aweza kuuliza, kujipima kama wanaielewa bidhaa wanayoiuza, na kuzoea kusema bila kutetemeka. Hoja yangu ni kwamba faida hizo zote hupatikana mashine inapokaa kwenye kiti cha mteja. Hupotea pindi tunapoikalisha kwenye kiti chetu.

Inafaa pia tukumbuke kwamba binadamu ni mwepesi wa kudhani anasikilizwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, nchini Marekani, alieleza kuhusu programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo ilikuwa ikiyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Haikuelewa lolote. Hata hivyo, baadaye alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiiunda, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Ikiwa chombo duni kama kile kiliweza kumpa mtu hisia hiyo, hatuna budi kuwa macho zaidi mbele ya hivi vya leo. Kijana anayezoea kusifiwa na mashine kila usiku huenda akadhani amehitimu katika mazungumzo, ilhali hajakutana na mtu.

Mwalimu mwenzangu afanye nini basi? Naona mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kuirudishia insha ya mazungumzo uhai wake. Mtaala wa umilisi umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake. Tusiiache nafasi hiyo ikaliwa na kusoma na kuandika. La pili ni kumtaka mwanafunzi, katika mazoezi ya kuuza na kununua, aeleze kwanza alichokisikia kutoka kwa mwenzake kabla ya kujibu, na kumtuza kwa hilo. La tatu ni kumwekea kanuni kwamba maneno ya mashine hayasemwi mbele ya mteja mpaka kila dai lipatikane katika mkataba wenyewe, na lisilopatikana lifutwe. La nne ni kumzoeza kuficha jina na siri za mtu kila anapotumia zana hizi, hata katika zoezi dogo la darasani.

Anayetaka kuanza wiki hii anaweza kuanza na zoezi moja jepesi. Awatume wanafunzi sokoni, wasimame karibu na muuza nyanya au muuza mitumba, kwa idhini yake, wayasikilize mazungumzo matatu na kuyaandika kama yalivyo, pamoja na vicheko na vimya vyake. Kisha waitake akili unde itunge mazungumzo ya mnunuzi na muuzaji wa bidhaa iyo hiyo. Maandishi hayo mawili yawekwe sambamba ubaoni, na darasa liulizwe ni nini kilichomo katika moja na kukosekana katika jingine. Nimelifanya zoezi hilo na wanafunzi wangu, na naweza kusema kwamba katika saa hiyo moja walijifunza isimujamii kuliko katika mihadhara yangu mitatu.

Akili za kuambiwa, changanya na zako. Na hizi za mashine, kwa ufasaha wake wote, ni za kuambiwa pia.